Pikipiki ya Moshi Ni ya Beatrisi

Sogeeni, wanangu, na wewe kaka Kipriani kaa hapo mlangoni, kwa kuwa ndiye mjomba wao, na neno ukilisikia wewe hakuna atakayelipindua matanga yakiisha.

Mikorosho ya Naipingo nilishaigawa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, sirudii. Imebaki pikipiki, ile kuukuu ya moshi aliyoniachia baba yenu, na najua, Bonifasi, umeshawatangazia watu kuwa ni yako kwa sababu wewe ndiye mwanamume. Ni ya Beatrisi.

Keti. Hasira hasara.

Kuendesha unamshinda dada yako, sikatai, hata mchanga wa Mbekenyera unaupita kama lami. Lakini kuendesha ni kazi moja na kutunza ni nyingine. Injini ile inakunywa oili pamoja na petroli, na pampu iliyokuwa ikichanganya ilikufa zamani, kwa hiyo anayechanganya ni mkono wa mtu: petroli vipimo ishirini na tano, oili kipimo kimoja, utikise dumu ndipo umimine. Ukipunguza oili, pistoni inakauka. Ukizidisha, plagi inajaa masizi na ekzosi inaziba. Na iwe oili ya kuchanganya, si hii ya bodaboda mpya, maana hii haiungui vizuri, inaacha makaa ndani. Nilipowaambia hivyo, Bonifasi ulisema, "Mama, oili ni oili," na dada yako akakujibu, "Basi mwambie mkeo akukaangie samaki kwa mafuta ya taa, nayo si mafuta?" Tukacheka wote.

La Mbekenyera halikuchekesha. Msimu wa kupulizia mikorosho, wauza petroli wa chupa wa pale huichanganya kabisa na oili kwa ajili ya mashine za dawa, nawe ukazoea kununua na kumimina bila kuuliza. Msimu ukaisha, ukanunua vilevile, ukashika njia ya Nambilanje, ikanoki porini. Ukarudi unaisukuma, ukamwambia mjomba wako kwamba Beatrisi alibania oili ili aiuze, na tangu hapo wewe na dada yako hamsalimiani.

Mimi niliitazama chupa uliyoiacha kwenye kikapu. Petroli iliyochanganywa hushika rangi ya oili. Ile ilikuwa nyeupe kama maji. Huzaifa, fundi wa Ruangwa, alipoifungua injini akaniambia, "Mama Beatrisi, hii imekimbizwa kavu." Nimekungoja useme mwenyewe. Mficha uchi hazai, Bonifasi, nami sina tena muda wa kungoja.

Mwambie dada yako. Sasa, mjomba wako akisikia.

Sisikii. Toa sauti, baba.

Haya. Kaka Kipriani, umesikia: mtoto wa kike hakuiba. Ulikomsema, ukamsafishe, hata kwa ndugu zetu akina Magreti huko Nachingwea.

Na wewe Beatrisi, usitabasamu hivyo. Aliyeshinda ndiye mwenye mzigo. Funguo zikae kwako, uchanganye wewe, lakini ikifika kupulizia utambebea mdogo wako salfa yake bila kumwimbia habari za leo. Mifuko iliyotoboka ushone kwanza, vumbi la salfa likiingia kwenye chujio la hewa linakula pistoni. Chujio ulioshe, likauke kabisa ndipo urudishe. Na oili ya giaboksi ni nyingine, usije ukaisahau kwa sababu haionekani... Nipeni maji.

Msilie juu yangu, mnanibana pumzi.

Mnizike kando ya baba yenu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, watu wana mashamba yao. Ufuta uliokatwa usiachwe nje kwa sababu ya msiba.

Mungu awape... awape riziki isiyogombanisha. Awafikishe kila mtokako na kila mwendako. Aliyekosa, nimemsamehe. Aliyekosewa... Beatrisi, sema na wewe. Sema umemsamehe. Nataka nisikie...

Nimesikia. Basi.