Simu Nane Ndani ya Mfuko

Amahoro, ndugu zangu. Na ninyi wa pale dirishani, asalaam aleikum. Mwenyekiti wa mkutano huu amenipa robo saa na amenikataza kutaja jina la mtu. Langu halina haja ya kutajwa, wengi wenu mlishalitukana mpaka mkachoka.

Mnaosikia Kiswahili changu mnajua nilikulia kambini, Tanzania. Tuliporudi kwetu, kule juu Kizuka, nilikuwa na diploma na sina kazi, nikafungua blogu. Niliandika kila kilichonijia kichwani: kwa nini foleni ya petroli haiishi, simu gani inadanganya kuhusu kamera yake, mwanamuziki gani anaimba kwa pua. Mwanzoni nilisomwa na dada zangu wawili, na mmoja alikuwa ananihurumia tu. Siku nilipomtukana yule mwanamuziki ndipo watu wakajaa. Nikajiambia, kumbe! Watu wanataka damu. Nikaanza kuwapa.

Siasa pia niliigusa. Niliandika mara moja tu kuhusu mkubwa mmoja, na mtu nisiyemjua akanipigia, akaniuliza kwa upole sana huwa nalala chumba gani. Nikafuta siku hiyohiyo. Ndugu zangu, nawaambia ukweli wa mwoga: sikuacha kutukana, nilibadilisha tu wa kutukanwa. Nikashuka kwa watu wadogo wasioweza kunijibu.

Wakati ule simu zilikuwa zinaibwa sana sokoni Rumonge. Asubuhi moja ya soko, kwenye kibanda cha kuchajia, nikamwona mwanaume wa rika langu, shati limelowa mawese, anatoa simu moja moja kwenye mfuko. Nikahesabu nane. Nikampiga picha, nikaandika: "Mwizi wetu ni huyu. Mkimkuta, msalimieni kwa mikono miwili." Nilicheka mwenyewe. Nikaituma, nikaenda kunywa chai.

Chai haijapoa nikasikia, "Mwizi! Mwizi!"

Sitawaficha nilichokiona. Wa kwanza alimpiga kwa kafi la mtumbwi, hapa, juu ya sikio. Akaanguka kwa magoti. Badala ya kujikinga kichwa akaukumbatia mfuko, na watu wakasema, mwoneni, hataki kuachia mali ya watu. Wakamkanyaga vidole ili aachie. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye kila wiki nilikuwa nanunua kwake, alimgonga mdomoni kwa jiwe la mizani. Mkono wa kulia ukavunjika, nikauona mfupa, mweupe kabisa. Jicho la kushoto likajaa damu, na mpaka leo halioni.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi, narekodi. Niliwaambia walio mbele yangu, "Inameni kidogo, sioni." Hayo ndiyo maneno yangu. Mtu anauawa, na mimi nasema inameni.

Ndipo mama yake akafika. Alikuwa amekuja sokoni kuuza mawese, akasikia sauti ya mwanawe. Alipita kwa viwiko na kwa meno, akajilaza juu yake. Fimbo mbili zilimshukia mgongoni kabla watu hawajajua wanampiga nani. Akaunyakua ule mfuko, akaumwaga chini.

"Hii telefone iko yangu!" akapiga kelele. "Na hii iko ya jirani! Na hii, na hii! Kwetu umeme haiko! Munamuua mutoto wangu juu ya kutuleteya telefone kushariji?"

Fimbo zikasimama. Halafu mtu akauliza, "Nani aliandika iko mwizi?" Na mwingine akanyoosha kidole kwenye benchi. "Njo huyu hapa!"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kafi ni lilelile. Lilivunja taya langu kwa pigo la kwanza, nikayameza meno mawili pamoja na mchanga. Simu yangu waliisaga kwa jiwe. Walinipiga mbavu mpaka pumzi ikawa haiingii, nikasikia maji ya baridi mgongoni, nikashukuru, nikidhani mtu amenihurumia. Ilikuwa petroli. Mtu alikuwa ameleta kidumu kutoka kwenye mashua.

Yule mama akaja akasimama juu yangu, gauni limepasuka mgongoni. "Nimumureke!" alisema. "Mumuache! Leo damu imetosha." Kiberiti hakikuwashwa. Msije mkamfanya malaika, ndugu zangu. Walipoondoka alinitemea mate.

Taya langu lilifungwa kwa waya, nikawa nakunywa uji kwa mrija, mimi mwenye mdomo kuliko wote hapa Rumonge. Siku ya kwanza niliyoweza kutembea nilipanda Kizuka kwa yule mama, pale wanapokamulia mawese. Nikamwomba msamaha kupitia meno yaliyofungwa.

"Pardon yako nitaiweka wapi?" akasema. "Mutoto wangu njo alikuwa anasukuma mashini. Ngazi zinaoza. Shika huu muti."

Mnaoijua mashine ile mnajua: wanaume wanne wanasukuma mti mmoja, wanazunguka kutwa, zile ngazi, matunda ya michikichi, zinasagika, mafuta yanatoka chini. Nikashika mti.

Wale watatu hawakunisemesha kwa wiki nzima. Lakini wao kwa wao walikuwa wanaongea, na mnajua waliongea nini? Foleni ya petroli. Simu mpya. Yule mwanamuziki wa puani. Ilikuwa blogu yangu, ila kila anayesemwa yuko nyuma yako, anasukuma mti uleule. Ukimtukana sana unasikia anavyopumua. Siku mmoja wao aliponiuliza, "Na wewe mwandishi, unasemaje?" nililia huku nazunguka, nikasingizia moshi.

Yule niliyemwita mwizi alikuwa anakaa pembeni, mkono kwenye plasta ya hospitali, hanitazami. Na mimi nilikuwa na neno moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nalisema leo.

Ile picha niliikata kabla ya kuituma. Kila simu ilikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa nyuma, na jina la mwenyewe. Niliyaona yale majina. Kule kambini mimi ndiye niliyekuwa natumwa kupeleka simu za mstari wetu wote wa nyumba kuchajiwa, zimebandikwa majina vilevile. Nilijua kabisa yule ni nani na anafanya nini. Nilijua, ndugu zangu, nikayakata majina kwa kidole kimoja, kwa sababu picha isingenoga.

Picha nzima ilibaki kwenye akaunti yangu mtandaoni. Mwezi uliopita niliifungua kwenye simu ya kuazima, nikampa. Akaisogeza kwenye jicho lake zima, akaitazama sana. Nilisubiri pigo, na nilikuwa nalitaka.

Akasema, "Hii ya mwisho njo ya mama. Karatasi nilibandika miye." Akanirudishia simu. "Utayasema mbele ya watu."

Basi nimeyasema.

Namshukuru muuguzi aliyenifunga waya. Nawashukuru watatu wa mashine. Namshukuru mama, amekaa pale na hataki kutazamwa, msigeuke. Bado naandika. Lakini kabla ya kutuma nawasomea wale ninaosukuma nao, na kama ninayemwandika yupo karibu, namsomea yeye kwanza, usoni. Nikishindwa kumsomea, nafuta. Na ninyi mnaotuma tu habari za wengine, fanyeni hivyohivyo. Kidole nacho kinaua.

Mfuko huu niliokuja nao una simu kumi na moja, nimetoka kuzichaji. Mkono wa yule mwana wa mama haunyooki, kwa hiyo siku za soko naenda mimi. Ila sokoni kule napita kandokando ya ukuta. Watu wanautazama mfuko, wananitazama mimi, na mimi nalikumbuka kafi. Naomba mmoja wenu anisindikize leo.

Hapana, wewe kaa. Kaa, ndugu yangu, mkono wako...

Haya. Shika upande ule, nami nishike huu. Murakoze, asanteni.