Marehemu Peng Yun-jiao na Kadi Thelathini na Saba

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Peng Sheng-tan, mdogo wake marehemu. Nimeambiwa nisome polepole. Nitajaribu.

Marehemu Peng Yun-jiao alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 huko Beipu, kifungua mimba wa mkulima wa chai. Kukaa hakujua tangu utotoni. Mama alikuwa akisema mtoto huyu kamwagiwa upupu, maana hata wali alikula amesimama.

Alisoma shule ya msingi Beipu, sekondari Zhudong, kisha chuo kikuu Hsinchu, alikohitimu uhandisi wa elektroniki mwaka 1993.

Mwaka 1995 aliajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza kadi za kumbukumbu, zile za kamera. Kazi yake niieleze, kwa sababu wengi mlidhani anauza simu. Chipu ya kumbukumbu haitoki kiwandani nzima kabisa. Ina sehemu chache mbovu, na kiwanda huzitia alama humohumo ndani ya chipu. Dada aliandika programu ya kidhibiti, yaani kile kichipu kinachoamua kipi kiandikwe wapi. Kidhibiti husoma alama zote kwanza, kikaweka orodha, kisha sehemu hizo hakizigusi maisha. Ukiifuta chipu kabla hujazisoma, alama zimekwenda na hazirudi. Sehemu mbovu itajifanya nzima, itapokea picha zako, na siku moja itazipoteza.

Aliolewa tarehe 18 Novemba 2001 na shemeji yangu huyu, Wen Chao-lung. Karamu ilikuwa uani kwetu. Samaki alipoletwa, mfanyakazi mwenzake akataja kwamba chipu za kiwanda kipya zimefika, na meneja, Bwana Tseng, ameanza kuzipitisha kwenye mashine ya kufutia asubuhi hiyo. Dada akaweka vijiti vya kulia chini. Kila sehemu ya chipu ina kurasa kama daftari; kiwanda kile kiliweka alama kwenye ukurasa wa mwisho, na programu ya dada ilitazama wa kwanza tu. Aligundua hilo Ijumaa, akajiambia atarekebisha Jumatatu, harusi ipite. Shemeji alimpakia kwenye pikipiki na gauni lake jekundu, wakaenda kazini kwake.

Walikuta mashine imeshafuta alama zote. Bwana Tseng akasema kadi zote zimepimwa na zinafanya kazi, sasa nani atajua?

“Hakuna,” dada alimjibu. “Hata mimi siwezi kujua tena. Ndiyo shida yenyewe.”

Alizivunja kwa nyundo zote alizozikuta. Mia nne zilikuwa zimeshaondoka. Kazi aliipoteza palepale, akapata nyingine, na hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni zile mia nne. Mwaka 2004 jirani yetu, Mama Fan, alileta mojawapo, yenye picha za mwisho za marehemu mumewe. Dada aliokoa tatu tu. Mama Fan, uko hapa, na najua ulichomwambia: “Jiao, si wewe uliyemuua mume wangu. Kaa unywe chai.” Hakukaa. Miaka ishirini na mitatu alizunguka masoko ya mitumba kila Jumapili akigeuza kadi kutazama namba. Alipata mia tatu sitini na tatu. Jamani, mimi nilimcheka. Leo najuta.

Mwezi Aprili mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilimwambia, “Dada, sasa pumzika.” Akanitazama kana kwamba mimi ni mjinga. “Picha za watu zimo humo, Sheng. Nitapumzikaje?” Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024.

Ameacha mama, mume, binti mmoja, Pei-ling, na mimi.

Kwenye ratiba hii ya mazishi nilitakiwa nimalizie kwa yale maneno mnayoyajua. Siwezi bado. Kadi hizo ni za bluu, zina namba 1118 mgongoni, na ziliuzwa wilaya hii hii. Huenda yako iko kwenye droo na inafanya kazi vizuri. Nakili picha zako leo, kisha ituletee. Zikitimia zile thelathini na saba zilizobaki, nitarudi hapa kaburini nimwambie mwenyewe: dada, kaa sasa, upumzike kwa amani.