Tangazo la Theluji ya Njia ya Osh

Asilkani, mtabiri wa hali ya hewa, alikuwa akitoka kazini ndani ya basi dogo la Bishkek, jua la Machi likiwaka, aliposikia watu wawili wakibishana nyuma yake.

"Redio ilituzuia juzi tusiende mji wa Osh, eti theluji mlimani," mwanamume alilalamika. "Hebu tazama jua hilo! Nimekosa harusi ya mpwa wangu kwa uongo wa watu wa ofisini."

Tangazo hilo Asilkani ndiye aliyeliandika. Akajikunyata.

"Jua la mjini si la mlimani, mwanangu," akajibu bibi mmoja. "Mkwe wangu naye aliwatukana, lakini aligeuza gari. Jioni ile theluji ikaporomoka, ikaifukia barabara. Leo yuko kwangu, anakoroma. Mungu awape maisha marefu watu hao."

"Sawa, mama, lakini harusi niliyoikosa nani atanirudishia?"

"Harusi utaonyeshwa picha. Mkwe wangu angefukiwa je, nami ningeonyeshwa picha?"

Kwa miaka kumi na tisa ya kazi Asilkani alikuwa amezoea kulaumiwa. Kuombewa dua, hakuwa amewahi. Basi liliposimama alishuka, machozi yakimlengalenga, akiwaacha wale wawili wakiendelea kubishana.