Tuta la Airisi la Mama Elina

"Lichomwe leo, kabla jeneza halijatoka!"

"Huchomi kitu, shemeji, hilo tuta ni la dada yangu!"

Ndugu waombolezaji, mmewasikia wenyewe baba mdogo Brighton na mama mdogo Mwashi, naomba wanivumilie nisome.

Marehemu mama yetu, Elina Magembe, alizaliwa tarehe 14 Juni 1974 huko Magindu, katika familia ya wafugaji, akamaliza darasa la saba mwaka 1989, na mwaka 1992 akaenda Kurui, Kisarawe, kutunza bustani ya mwalimu mstaafu, ambako alipewa vizizi vya airisi, ua la zambarau lenye majani kama panga, akavifukia chini sana kama tangawizi, na masika ile vyote vikaoza. Tangu hapo alipanda juu ya tuta la kichanga, penye jua, mgongo wa kila kizizi akiuacha nje.

Alifunga ndoa na baba yetu, Peter Magembe, tarehe 8 Oktoba 1998, wakahamia Mbwawa, wakajaliwa watoto wawili, kaka Tito na mimi. Baba alipofariki mwaka 2022 niliacha shule kidato cha pili, tukawa tunawauzia maua wapambaji wa harusi.

Mama hakutaka dawa za dukani, alinyunyiza maji ya majani ya mwarobaini, aliokota konokono kwa mkono, na alipanga vigae vya vyungu ili vyura wajifiche chini yake na kula wadudu. Hatukufikiri kwamba nyoka naye hufuata vyura.

Tarehe 3 Machi 2025, alfajiri, kifutu alimuuma mguuni pale tutani, akafariki hospitalini tarehe 5. Nyoka huyo hajaonekana mpaka sasa, ndiyo maana baba mdogo anataka moto, nami naogopa, jana niliona bua la jani la mpapai, nikadhani ni nyoka, nikapiga kelele. Lakini tuta likichomwa hatuna kingine, na tukiogopa kulihudumia, masika ikikuta udongo umefunika vizizi, vitaoza, kwa hiyo naomba watu watatu wenye mabuti na fimbo ndefu, kesho jua likishapanda, tuvitoe vigae vyote, mimi nikiwa mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba mama hadi barabarani, na wapambaji mliomsindikiza hadi hapa. Mama, upumzike kwa amani.

Alfajiri ile ya kifutu, zamu ya kuokota konokono ilikuwa yangu, nikajifanya nimelala. Mama akasimama mlangoni, akasema, "Lala tu mwanangu, nakwenda mimi, ila ukipalilia usiifukie migongo ya vizizi, iache ione jua."