Bilha Chepngetich na Fidla ya Shaw

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Bowie kumsindikiza Bilha, familia imenituma mimi Isack, shemeji yake, niwasomee maisha yake, na kaka yangu Tobias amesisitiza nisiiruke ile sehemu ambayo wengi wenu mliisikia nusunusu.

Marehemu Bilha Chepngetich alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Kapsabet, Nandi, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako mwalimu wa muziki alimfundisha piano kwa kuwa ibada ya Jumapili ilikosa mpigaji, na mwaka 1989 akahitimu uuguzi Eldoret. Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na Tobias, wakajaliwa Wayne mwaka 1995 na Jacqueline mwaka 1999. Mwaka 2001 familia ilihamia Maryland, ikapanga Riverdale Park, baadaye ikapata nyumba hapa Bowie, na miaka yote hiyo Bilha aliuguza wazee, na Jumapili akapiga piano kanisani.

Februari 2022 aliacha piano ya kanisa, akasema amechoka tu. Tangu hapo Tobias alianza kuona mambo yasiyoeleweka, kila Alhamisi Bilha aliaga kwamba ana zamu, lakini sare yake ilibaki ikining'inia nyuma ya mlango, simu aliilaza kifudifudi mezani, na akiulizwa alijibu kwa mkato. Watu nao hawakumsaidia, maana baada ya ibada mtu alimnong'oneza kwamba Mama Wayne ameonekana mtaa wa Shaw akiingia kwa mzee mmoja Mzungu. Tobias alimdodosa binti yake, Jacqueline akamjibu, "Dad, just ask her," yaani amuulize tu mwenyewe, lakini Tobias alilihofia jibu, akaona heri ajionee.

Alhamisi moja ya Mei alimfuata kwa gari hadi Shaw, akasimama chini ya ngazi za nyumba ya matofali, dirisha likiwa wazi, akasikia fidla na piano. Nusura ageuke, kisha akawaza kwamba muziki nao waweza kuwa kisingizio, akagonga. Aliyefungua ni Ferdinand, mzaliwa wa Hungaria, mjane, ambaye marehemu mkewe aliuguzwa na Bilha hadi mwisho, na mke huyo ndiye aliyekuwa akimpigia piano.

"Huyu ni nani kwako?" Tobias aliuliza, bila hata kumsalimia mwenye nyumba.

"Ni mwenzangu wa muziki," Bilha alisema. "Keti, Baba Wayne."

Aliketi na koti lake mwilini, chai akaikataa. Walipiga nyimbo za wakulima wa Hungaria, zilizopangwa kwa fidla na piano, zinazoanzia juu na kuteremka taratibu, na Bilha akamweleza kwamba zina ngazi ya noti tano tu kama nyimbo za kwao Nandi, kwamba alipozisikia mara ya kwanza alidhani nyanya yake anaimba. Tobias hakuamini. Aliuchunguza uso wa mzee, akauchunguza wa mkewe, akitafuta kosa, na katika kuchunguza huko ndipo alipoona kwamba mkono wa kushoto wa Bilha haupigi chochote, umelala mapajani.

"Mkono una nini?"

"Vidole havinitii tangu Januari. Ferdinand ameihamishia fidla sehemu ya mkono huu."

"Na mimi ukanificha?"

"Ungenikataza kupiga, Baba Wayne. Ungenilaza kitandani."

Julai madaktari walithibitisha kuwa ni ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Shaka ya Tobias haikuisha, ilimuuma zaidi kwamba mgeni alijua kabla yake, akataka muziki uhamie Bowie, si kwa ukarimu, ila awe anawaona. Aliketi sebuleni kama askari wa zamu, na Ferdinand akaendelea kuzipanga upya nyimbo zilezile, piano ikipungua, fidla ikibeba zaidi. Bilha alipobakiwa na kidole kimoja, alimwita mumewe, "Njoo ubonyeze hapa, nikikukonyeza." Tobias akabonyeza mahali pasipo pake, Bilha akacheka hadi wimbo ukakatika, na kuanzia siku hiyo Tobias alikaa naye kwenye benchi la piano.

Bilha alifariki nyumbani tarehe 9 Oktoba 2025, mumewe na watoto wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chakula bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na Mzee Ferdinand, ambaye Tobias amemwomba aketi kando yake katika safu ya familia. Sasa hivi atapiga wimbo mmoja, kwa mpango alioutunga wakati Bilha angali na mkono mmoja mzima, na kwenye piano hatakaa mtu. Tobias anawaomba, fidla ikinyamaza katikati, msidhani umekwisha, msisimame, subirini kidogo, hapo ndipo Bilha alipokuwa akiingia.

Shemeji yetu, Mungu akupokee, upumzike kwa utulivu.