Sauti Tatu za Kompyuta ya Nyevu

Benchi langu liko Garsen, pale mabasi ya Lamu yanaposimama watu wanyooshe miguu, ubavuni mwa kinyozi. Nasema langu kwa sababu mbao nilinunua mimi na kahawa napika mimi, ila wanaolikalia hujifanya wamelirithi kwa babu zao. Tangu niolewe huku kutoka kwetu Kipini napika kahawa chungu ya tangawizi, na sijaona jambo lililoingia benchini hapo likatoka na umbo lake. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Kassim tunamwita Fyuzi, Mpokomo wa mtoni juu, aliyekuwa fundi wa umeme kabla macho hayajamchoka. Dzombo ni Bibisii, Mgiriama mwenye shamba kijijini Wema, kwa kuwa redio haimtoki sikioni. Wa tatu ni Hirbo, Muorma, mchuuzi wa ng'ombe, jina lake la kijiweni Kwato. Akikaa lazima na fimbo yake ikae, kwa hiyo anakula nafasi ya watu wawili. Nawapenda wote, na kuna siku nilikaribia kuwamwagia birika.

Ijumaa iliyopita, watu wakitoka msikitini, alikuja Nyevu, mpwa wa Dzombo. Ni fundi wa simu, na karibu kila simu ya Garsen imewahi kulala mezani kwake. Alikuwa amekumbatia kibodi nene ya rangi ya majivu, yenye maandishi ya Kijapani juu ya herufi. Akaomba umeme kwa kinyozi, akaomba na ile TV yake ya mgongo, akavipanga vyote juu ya meza yangu ya vikombe. Sikuulizwa.

Hirbo akataka kujua kompyuta yenyewe iko wapi. Nyevu akamwambia ndiyo hiyo hiyo kibodi, yote imo ndani. Ni ya miaka ya themanini. Mjomba wake mwingine aliikuta Mombasa ndani ya buti ya gari kuukuu lililoletwa kutoka Japani, akampa aichezee. Yeye akaifufua. Halafu akagundua mtandaoni kuna watu wazima na akili zao, Uholanzi, Brazili na Japani kwenyewe, ambao hadi leo wanaitungia mashine ya namna hiyo michezo na muziki, kila mtu nyumbani kwake, kwa mapenzi tu. Sasa na yeye ni mmoja wao.

Akachomeka waya kutoka kwenye simu yake hadi ubavuni mwa kibodi, simu ikaanza kutoa kelele ya kukwaruza masikio. Alisema mchezo umo ndani ya kelele ile, kompyuta inausikiliza na kuuandika kichwani. Kassim akasema hivyo ndivyo transfoma inavyolia ikitaka kufa. Dzombo akasema ni Kijapani kile, ila kinasemwa mbio. Tukangoja, kelele ikanyamaza, na kwenye TV ukatokea mto.

Ulikuwa Tana, na mtu yeyote wa hapa angeujua. Maji ya rangi ya chai, migomba upande mmoja, nyasi za malisho upande wa pili, na katikati mtumbwi mdogo na mtu amesimama na upondo. Kazi yako ni kumvusha na abiria wake bila kugonga kiboko, mamba wala magogo ya mafuriko. Akifika ng'ambo, abiria mwingine anangoja, unarudi naye. Hirbo alisogea mbele hadi fimbo ikaanguka, na hakuiokota.

Lakini Nyevu hakuja kutuonyesha tu. Alikuja na shida. Mwezi uliopita aliuonyesha mchezo huo Wema, mbele ya vijana, na muziki aliouweka ulikuwa mwanzele, ngoma ya Wagiriama, peke yake, kwa kuwa ndio aliokua nao kwa nyanya yake. Vijana wa Kiorma walisikiliza kidogo, kisha wakainuka mmoja mmoja. Hawakutukana wala kuzozana, waliaga kwa adabu. Wale wa Kipokomo walibaki, ila mmoja aliuliza kama siku hizi mto ni wa Wagiriama. Sasa Jumamosi, kesho yake ya Ijumaa ile, angeuonyesha tena hapa Garsen, na alikuwa amewaalika wa pande zote mbili za mto.

— Mashine ina sauti tatu tu, akasema. Haiwezi kutoa ya nne wakati mmoja. Nataka muziki ambao mtu hatauinukia. Nyinyi mmekaa hapa pamoja miaka yote, nisaidieni. Mkishindwa, kesho nauonyesha bubu, halafu hii kitu naifunga sandukuni na sitaishika tena.

Nikamwekea kikombe, nikawaambia wale watatu kwamba birika hili ndilo la mwisho kwa siku ile, kwa hiyo wakubaliane kabla halijaisha. Nilidhani nimewaharakisha.

Walianza kwa kuuliza kwa nini tatu. Kassim akaeleza kitaalamu kwamba umeme wa Japani ni mdogo kuliko wetu, na umeme mdogo haulishi sauti nyingi. Dzombo akasema hapana, nyumba za Wajapani zina kuta za karatasi, alisikia redioni, kwa hiyo serikali yao ilihesabu ikaona sauti ya nne itaamsha jirani. Hirbo aliwasikiliza kwa huruma. Kwa maoni yake sauti zilikuwa tano, mbili zilishuka njiani, maana safari ya Japani ni ndefu na yeye akipeleka ng'ombe Malindi tu hafikishi wote. Nyevu alinitazama. Nikamwambia anywe kahawa.

Walipomaliza hilo wakafika penyewe, na hapo ndipo walipofanya kosa ambalo kaunti nyingine ingelazimika kujifunza kwetu. Sisi, uchaguzi ukikaribia, wazee hukaa wakagawana viti: gavana atoke huku, naibu kule, seneta pale, ili watu wasigombane. Basi watu wazima watatu wakazigawa sauti za kompyuta vivyo hivyo.

— Hii ya kwanza, yenye nguvu, ni gavana, Hirbo akasema. Hiyo ni ya sisi. Sisi iko wengi.

— Wengi wapi? Kassim akauliza. Mto wenyewe ni wa nani? Mwambie gavana wako aogelee.

Dzombo akajitolea kuwa naibu, kwa moyo safi kabisa, alivyosema, mradi naibu awe na ofisi yake. Kisha akakumbuka Wardei. Kassim akakumbuka Wamalakote na Wamunyoyaya. Kinyozi, ambaye hakuna aliyemwita, akatoa kichwa dirishani akauliza Wasomali wa Garsen watasikika vipi. Nyevu akafanya kosa la kusema ukweli: ukiacha zile sauti tatu, mashine ina pia mvumo mmoja, shhh, kama wa maji au wa ngoma ya mbali. Dzombo akaurukia. Akasema huo ni MCA, diwani wa kuteuliwa, na jamii ndogo zote zipewe zigawane.

Waswahili wa Kipini hakuna aliyewataja. Nilikuwa nikiwamiminia kahawa wote hao.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaona hawacheki. Kassim alikuwa ameanza kuhesabu vijiji kwa vidole, na Hirbo ameokota fimbo yake akaiweka magotini. Garsen tunajua kinachokuja watu wakianza kuhesabiana. Tuna mwaka wetu mmoja wa mapigano ambao hatuutaji benchini, na wote watatu wamezika mtu mwaka ule. Nikasema kwa sauti ambayo siitumii kwa wateja:

— Mwacheni mtoto awapigie hizo sauti kwanza. Mnagombania kitu hamjakisikia.

Nyevu akawaomba kila mmoja amwimbie kipande kifupi. Wakaona haya, kisha wakaimba. Hirbo aliimba wa kunyweshea ng'ombe, Kassim akaimba wa mwaribe, ngoma ya Wapokomo, huku anapiga benchi, Dzombo akaimba mwanzele uleule. Nyevu akaandika tarakimu zake, sauti moja kwa kila mtu, kama walivyotaka. Akabonyeza.

Sijapata kusikia kitu kibaya vile. Kila sauti ilikuwa inakwenda kwake, inaikanyaga mwenzake, na kuku wa jirani walikimbia. Kinyozi akafunga dirisha.

Hirbo akasema wake umefunikwa, ausikie peke yake. Nyevu akazima mbili, akaacha moja inalia, tii-ti-tii, nyembamba lakini tamu. Mzee akafumba macho. Akatuambia tusikilize, huo ndio wimbo wa babu yake, hapo ndipo ng'ombe dume anapoinamisha kichwa. Alisema mengi, na macho yake yakalowa kidogo.

— Mzee Hirbo, Nyevu akasema taratibu, hiyo ni ya ami Kassim.

Kassim alicheka hadi akakohoa. Nyevu akamwekea yake, naye akaitikia kwa kichwa na kupiga benchi, hadi alipoambiwa ni ya Dzombo. Dzombo hakutaka kujaribiwa. Ndani ya mashine ile zote zilikuwa tii-ti-tii, na hakuna aliyeweza kumtambua mtoto wake.

Nyevu akaanza kuchomoa nyaya, na uso wake ulikuwa umeshakata tamaa. Hirbo ndiye aliyemzuia. Akauliza kwa nini kila sauti lazima ishike wimbo wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Akamweleza wanavyonywesha ng'ombe kiangazi, kisima kikiwa kirefu. Watu wanasimama ndani kwa ngazi, mmoja juu ya mwenzake, na ndoo inapanda.

— Ndoo wewe hushiki, akasema. Ukishika, maji haifiki. Wewe unapokea, unapandisha, unapokea. Na wimbo ni hivyo hivyo. Mimi naanza neno, yule wa juu anamaliza. Ukiwa kule nje unasikia mtu mmoja anaimba, kumbe sisi ni sita.

Nyevu aliacha nyaya. Alisema mbinu hiyo ipo. Wale wenzake wa mtandaoni huifanya kila siku: sauti moja inaruka kutoka noti hadi noti, haraka haraka, hadi sikio linadhani ni nyingi zinaimba pamoja. Yeye aliitumia kwa pambo tu, mtumbwi ukizama. Hakuwahi kufikiri inaweza kubeba watu. Akakaa chini, kibodi magotini, akawa anaandika na kufuta. Noti ya Hirbo, ya Kassim, ya Dzombo, tena ya Hirbo. Kisha akainua macho.

— Inataka ya nne ndiyo ijae. Da Swabra, na wewe kwenu mnaimba nini?

Miaka yote ile benchini hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilisahau maneno yote, nikabaki na kipande cha wimbo wa kutwangia mpunga aliokuwa akiimba mama yangu Kipini, nikakiimba kwa aibu nikitazama jiko. Nyevu akakiingiza. Kwenye ule mvumo akaweka mapigo ya Kassim ya juu ya benchi, na zile sauti mbili zilizobaki akazifanya waitikiaji, bila kuzipa mwenyewe.

Akabonyeza. Nitasemaje. Haukuwa mwanzele, na haukuwa mwaribe wala wimbo wa ng'ombe. Ulikuwa unameremeta, unakwenda, na kila nilipodhani nimemsikia mama yangu alikuwa ameshapita na mwingine kashika. Hirbo alikuwa anatikisa fimbo. Kassim akajisahau akaniitisha kahawa, na birika lilikuwa limeisha kitambo bila yeyote kulalamika. Dzombo akatangaza kwamba yeye alikuwa na wazo hilo hilo tangu mwanzo. Nyevu alilia na kucheka, nami nikamfuta machozi kwa kanga yangu. Nilifurahi kama mtu aliyeingizwa nyumbani.

Wakati huo basi la Lamu lilikuwa limesimama. Mama mmoja alishuka, mtandio kichwani na kikapu mkononi, akaja kuuliza kahawa. Nikamwambia imekwisha. Hakuondoka. Alisimama nyuma ya benchi akiutazama mtumbwi unakwenda na kurudi, kwa maana Hirbo alikuwa ameshaikamata kibodi na hatoi zamu kwa mtu. Mama akasikiliza muziki mpaka ukarudi mwanzo. Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia:

— Huyu anayevusha wenzake, kwao hasa ni ng'ambo ipi?

Kassim akaikazia macho TV, kwenye migomba, kisha kwenye nyasi. Wote tukamgeukia Nyevu, aliyemchora mtu yule nukta kwa nukta. Akasema hajui. Alipomchora hakumpa upande.

Mama alikuwa bado anangoja jibu. Hirbo hakugeuka, kiboko alikuwa anaujia mtumbwi.

— Kulia, Kwato, Kassim akamwambia. Kulia. Tutampoteza.