Mji Mzima kwa Miguu ya Winga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mkuu wa Kitengo chetu cha Taa za Barabarani atakabidhi funguo za mitambo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kwa kawaida hapa ningesema kwamba ni mchapakazi, mcheshi na mtu wa watu, na yote hayo ni kweli. Lakini tangu Machi ofisi hii imepigwa na butwaa, na mimi ambaye meza yangu imegusana na yake kwa miaka kumi na mitano bado sijafunga mdomo vizuri. Wasomaji wa jarida letu wanisamehe basi, sifa zitachanganyika na mshangao.

Sisi tunamwita Winga. Alipoajiriwa alikuwa kijana mwembamba aliyetoka chuo cha ufundi umeme, na jioni aliichezea timu ya wafanyakazi upande wa kulia. Wapo wazee wa idara wanaoapa kwamba aliajiriwa kwa ajili ya krosi zake, cheti kilikuja baadaye. Ukimwona leo na kile kitambi anachokifungia mkanda kwa shida, na goti linalolia kila akipanda ngazi, unaweza kudhani wanamsingizia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa makutano ya soko na kliniki, ambayo ndiyo yaliyopata taa za kwanza katika mji huu. Yeye ndiye aliyevuta nyaya zake, na hakuyaacha tena. Hata siku ya harusi yake, taa zilipogoma na kubaki nyekundu pande zote, msafara wa bibi harusi ulikwama palepale katikati. Winga alishuka garini na suti yake nyeupe, akafungua sanduku la mitambo, akatengeneza huku watu wakimpigia vigelegele. Suti haikuwa nyeupe tena. Mkewe, ambaye mji mzima unamfahamu kwa jina la Mwalimu kwa sababu amefundisha nusu ya mji huo, husema ndoa yake ilianza kwa kusubiri taa.

Alipanda kutoka fundi hadi msimamizi, kisha mkuu wa kitengo. Chini yake makutano yenye taa yaliongezeka kila upande wa mji, na foleni ya asubuhi, ambayo zamani ilifika hadi darajani na kufunga njia ya magari ya wagonjwa, ilirudishwa nyuma mpaka watu wakaisahau. Foleni kugusa daraja lilikuwa jambo ambalo Winga hakulivumilia. Ikikaribia tu, hali, hanywi chai, na wala haongei na mtu. Tuzo mbili za idara zilizotundikwa ukutani kwetu ni za daraja hilo, na amezifuta vumbi mwenyewe kila Ijumaa.

Sasa nifike Machi.

Mwaka jana Mwalimu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alitibiwa, akafanyishwa mazoezi nyumbani, kisha daktari akaagiza aanze kwenda kliniki kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa kule kutembea ndiyo dawa. Asipofanya hivyo, alisema, mguu utakakamaa na mama huyu hatasimama tena bila kushikwa. Nyumba yao iko upande wa soko. Kliniki iko ng'ambo. Kati yao kuna makutano ya Winga.

Siku ya kwanza alimsindikiza. Mtu wa kijani, ile taa ya kuruhusu waenda kwa miguu, alipowaka, wakaingia barabarani, Mwalimu na fimbo yake, Winga na goti lake. Walifika katikati tu. Mtu wa kijani akaanza kupepesa, akazima, na magari yakaanza kunguruma pande zote mbili. Basi moja lilisogea mpaka karibu na bega la Mwalimu, na kondakta aliyening'inia mlangoni akapiga kelele, "Bibi, changamka!" Mwalimu alisimama. Akamshika mumewe mkono, na kwa sauti ileile ya darasani akauliza, "Baba watoto, hivi aliyepanga hizi taa alimpima nani?"

Winga alimkinga kwa mwili wake mpaka wakarudi ukingoni. Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, ndipo alipotujibu sisi.

"Alinipima mimi," alisema.

Lazima nieleze, maana hata sisi ilibidi tuelezwe. Kitengoni kwetu kuna kitu tunachokiita "mwendo". Ukitaka kujua mtu wa kijani awake kwa muda gani, unachukua upana wa barabara, unaugawa kwa mwendo, basi. Kila aliyeingia hapa alifundishwa hivyo, mimi nikiwemo. Hakuna aliyeuliza mwendo umetoka wapi. Tulidhani umetoka kwenye kitabu fulani cha wataalamu, huko vitabu vinakotoka. Kumbe ulitoka kwa Winga! Wiki yake ya kwanza kazini, mkuu wa wakati ule alihitaji kujua binadamu huvuka barabara kwa kasi gani, akatazama huku na huku, akamwona mfanyakazi mpya amesimama bila kazi. Akamwambia avuke. Kijana mwenye miaka ishirini na minne, winga wa timu, anayetaka kumfurahisha bosi wake mpya, alivuka kama anayewahi mpira usitoke nje. Mkuu akabonyeza saa, akaridhika, akapanga taa. Makutano ya pili yalipojengwa wakachukua mwendo uleule, na ya tatu, na yote yaliyofuata.

Mwenzetu mmoja alianza kucheka, akaishia katikati. Dereva wa kitengo aliuliza kama ni makutano yote. Winga akasema ni yote. Wajawazito wote, wabeba mizigo, wazee wenye fimbo, akina mama wenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kwa miaka thelathini na miwili mji mzima umekuwa ukivuka barabara kwa miguu ya winga wa kulia. Na Winga mwenyewe alikuwa ameusahau ule mchana, mpaka mkewe alipomuuliza katikati ya barabara.

Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa amekata shauri. Hakanyagi tena makutano yale. Mazoezi yakakoma. Kila Jumatatu tulimuuliza Winga habari za mgonjwa, na kila Jumatatu alijibu kwamba mguu unazidi kuwa mgumu. Mpaka kustaafu kwake ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Aprili alifanya lililomjia kwanza: aliongeza muda wa waenda kwa miguu, akapunguza wa magari. Asubuhi ile watu walivuka kwa raha mustarehe, wengine wakisimama katikati kusalimiana. Ilipofika saa mbili na nusu foleni iligusa daraja. Gari la wagonjwa lilikwama juu yake likilia, na simu za ofisi zikaanza kulia nazo. Mkuu wa Idara alikuwa ndani ya foleni hiyo. Aliliacha gari lake na dereva, akavua viatu vya kisigino, akaja kwa miguu akiwa amefura. Nilimwona dirishani. Alivuka makutano taratibu, viatu mkononi, mtu wa kijani akimsubiri kwa adabu mpaka akafika, wala hakuligundua hilo. Aliamuru taa zirudi kama zamani saa ileile, na suala hili, alisema, ataliangalia mrithi wa Winga.

Sisi tunaijua lugha hiyo. La kuangaliwa na mrithi huangaliwa hadi naye astaafu. Nilidhani Winga amekwisha. Alikaa siku nzima akizitazama tuzo zake za daraja, na kusema kweli nilimwonea huruma. Mtu aliyetumia maisha yake kuyafanya magari yaende, sasa kila sekunde aliyoyapa ilikuwa inatoka kwenye mguu wa mkewe, na kila sekunde aliyompa mkewe ilikuwa inatoka kwa yule mgonjwa darajani.

Kesho yake hakuja ofisini. Tulimkuta ghorofani kwa kinyozi, juu ya makutano, amekaa kwenye kiti cha wateja bila kunyolewa. Alikaa pale wiki nzima, na kinyozi anasema alinyolewa mara moja tu, tena kwa kuona haya kukalia kiti bure. Alichokiona kilimshtua karibu sawa na kile cha mwanzo. Kijani cha magari kilikuwa kirefu, lakini sehemu kubwa yake magari yalikuwa yamesimama! Kituo cha mabasi kilikuwa mara tu baada ya makutano, na mabasi yalipopanga mstari kupakia abiria, walio nyuma yao walipewa ruhusa ya kwenda bila pa kwenda. Hatukuwa tumewaibia waenda kwa miguu ili magari yapite. Tuliwaibia ili magari yakae.

Alimwita mwenyekiti wa madereva wa mabasi, mtu mwenye sauti nzito ambaye alikuwa ameshatangaza kwamba kituo hakihamishwi hata kwa mizinga. Hakubishana naye. Alimpa kiti cha pili kwa kinyozi na kumwomba atazame tu. Mwenyekiti alitazama, akakuna kidevu. Hatimaye akasema, "Kumbe ni sisi?" Winga akamwambia asione haya, yeye mwenyewe ametoka kuuliza hivyo hivyo juzi.

Mei kituo kilisogezwa mbele, mpaka ng'ambo ya duka la mikate. Mkuu wa Idara alikubali shingo upande, kwa majaribio, na akasimama darajani mwenyewe asubuhi ya kwanza akiisubiri foleni. Haikufika. Magari yalipita yote kwa kijani kifupi kuliko cha zamani, na muda uliobaki ulikuwa halali ya waenda kwa miguu. Aliporudi ofisini aliuliza, kwa upole usio wake, kama kuna chai.

Ilibaki kupata mwendo mpya. Tulimshauri Winga ampime Mwalimu, akakataa katakata. Miguu ya mtu mmoja, alisema, imeshauponza mji vya kutosha. Tukapima kila aliyepita sokoni, mwenye toroli, mwenye kikapu, mwenye mimba, mwenye haraka na asiyekuwa nayo, tukachukua mwendo wa walio nyuma kabisa. Mwalimu alisikia kwamba ameachwa, akanuna. Asubuhi ya kwanza ya taa mpya, tulipokuwa tumejipanga kando ya barabara na Winga ameshika saa, tulimwona anakuja peke yake na fimbo yake, amevaa kana kwamba anakwenda kusimamia mtihani.

Hakutusalimu. Mtu wa kijani akawaka, akaingia. Hatua, fimbo, hatua, fimbo. Alipita katikati, pale alipokwama Machi, akaendelea. Akafika ng'ambo, akapanda ukingo wa njia ya miguu, na mtu wa kijani bado anawaka. Hapo akageuka na kuinyanyua fimbo yake hewani, akachora nayo alama ya vema, kama alivyokuwa akiwawekea wanafunzi wake.

Nilimuuliza Winga ametumia muda gani. Alinionyesha saa. Ilikuwa kwenye sifuri. Alikuwa amesahau kuibonyeza. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya wafanyakazi wote, wala hakujifuta. Tulimwomba Mwalimu kwa ishara arudi tupime upya, akatupungia mkono kutuambia anachelewa mazoezi. Tangu siku hiyo huenda peke yake, na makutano mengine ya mji tumeshaanza kuyarekebisha moja baada ya jingine.

Winga, kaka yetu, tuzo zako mbili tutazifuta vumbi kila Ijumaa, tumeahidiana. Asante kwa foleni ambamo hatukukaa, kwa utani, na kwa kuturudia Jumatatu ile na kutuambia ukweli uliokuhusu wewe, wakati ungeweza kustaafu nao kimya kimya. Tunakuombea afya, goti lisilolia, na miaka mingi ya amani wewe na Mwalimu. Mkifika kwenye makutano yale, usimkimbize. Vukeni polepole, safari hii hatukukupima wewe.